Tunapomwita mtu mzigo, kupe au jembe, je, bado tunamwona mtu?

Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Katika kikao cha walimu cha kujadili matokeo ya kidato cha pili, mwenzetu mmoja alisema kwamba msichana fulani ni mzigo. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa tena, walimu waliulizana, "Mzigo wetu unaendeleaje?" Kilichonishtua ni upatanisho wa kisarufi: hawakusema "anaendeleaje". Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba sitiari ni pambo la lugha, tashbihi iliyoacha neno "kama". Sasa nina shaka na somo langu mwenyewe. Je, sitiari hupamba tu tunachokijua kuhusu mtu, au huamua tutakachoweza kukiona kwake?

Mhariri mstaafu

Mwalimu, umegusa mahali penyewe. Gogo ni kipande cha mti, lakini kigogo wa chama "amekamatwa", si "kimekamatwa". Sitiari imezoeleka hadi imepewa upatanisho wa mtu. Kurasa za michezo, kwa upande mwingine, huandika kwamba kifaa kipya "kimetua", nao wasomaji huelewa kuwa ni mchezaji aliyesajiliwa, ambaye thamani yake itapimwa kwa mabao. Jembe hubaki katikati: wapo wanaosema "jembe letu limerudi" na wapo wanaosema "amerudi", ingawa wote wanamsifu mchapakazi yuleyule.

Hata hivyo, nisingependa tuitegemee sarufi kupita kiasi. Kipofu na kiziwi hupatanishwa kama watu, lakini wengi wamechagua kusema "mtu asiyeona" au "mwenye ulemavu wa kusikia", kwa sababu waliona kwamba jina moja la hali limemeza mengine yote aliyo nayo mtu huyo. Kiambishi "ki-" chenyewe si kosa, maana kijana na kiongozi wamo humo humo.

Msomaji wa historia, Arusha

Naomba kuongeza jambo zito zaidi. Kunyonya ni kitendo cha mtoto mchanga, na hakuna aliyemlaumu mtoto kwa kunyonya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipopinga unyonyaji, taswira hiyo ilimsaidia mkulima kueleza jambo la kweli, kwamba jasho lake linamnufaisha mtu mwingine. Lakini pamoja na kitenzi hicho likaenea neno kupe, na hapo mambo yakabadilika. Kunyonya ni tendo, na mwenye kulitenda anaweza kuulizwa, kujitetea na kuacha. Kupe haulizwi sababu, bali hung'olewa au huuawa kwa dawa ya josho. Neno hilo liliwaangukia wenye maduka, hasa wenye asili ya Asia, kisha likatosha pia kwa kijana wa mjini asiye na ajira, mmoja wa wale waliokamatwa na kupelekwa mashambani katika operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Matajiri na wasio na kitu walibeba jina moja, na hilo peke yake lilipaswa kututia wasiwasi.

Majirani zetu wa Rwanda wanajua mwisho wa njia hiyo. Redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Desemba 2003, hapa hapa Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Sisemi kwamba walimu wenzako wamefika huko. Ninasema kwamba taswira ya tendo humwachia mtu nafasi ya kujibu, na taswira ya kiumbe humnyima.

Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

Ahsanteni sana. Mzee mhariri, nimekuelewa kuhusu upatanisho. Ndugu wa Arusha, tofauti yako ya tendo na kiumbe imenifanya niende kumuuliza msichana mwenyewe, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifanya. Anaamka saa kumi alfajiri kumhudumia bibi yake aliyepooza, anachota maji, kisha anatembea hadi shuleni. Basi mzigo upo, na ni yeye anayeubeba. Taswira ilikuwa ileile, ila tulimweka mahali pasipo pake, na kwa hiyo swali la nani amsaidie kuubeba halikupata hata kuulizwa.

Kikao kijacho ni Alhamisi. Nimeomba tujadili kama anaweza kuruhusiwa kuingia kipindi cha pili bila adhabu ya kuchelewa, na kama kuna nafasi katika bweni la wasichana iwapo shangazi yake atakubali kumchukua bibi.