Tupeane uzoefu: Ofisini jiwe, nyumbani asali. Wemmick wako ni nani?

Wakuu, nimemaliza riwaya ya Great Expectations ya Dickens (1860–61). Aliyenibaki kichwani si Pip, mhusika mkuu, ni Wemmick, karani wa wakili Jaggers. Ofisini mdomo umekaza kama tundu la sanduku la posta. Pip anamwomba ushauri, anataka kumsaidia rafiki yake kwa siri. Anajibiwa bora akatupe hela mtoni. Anamfuata Jumapili nyumbani Walworth, kwenye kijumba chenye daraja la ubao na kimzinga kinachopigwa saa tatu usiku ili baba mzee, kiziwi, naye asikie kitu. Karani yule yule anapanga msaada wote!

Leteni visa vyenu.

#2
Wemmick ni mimi. Miaka minne nilikuwa afisa mikopo ya vikundi. Mama akishindwa marejesho, tunabeba godoro, tunabeba TV. Kuna siku nilibeba cherehani, mwenyewe kaniangalia tu, hata kulia hakulia. Jioni nampikia mama yangu uji, namlisha. Akiuliza kazi inaendaje, nasema nzuri. Ila nilikuwa lazima nibadilishe shati kabla ya kuingia ndani.

#3
Mwalimu wetu wa nidhamu, fimbo haimtoki mkononi. Jumamosi moja nikamkuta sokoni kafunga mtoto mgongoni kwa khanga, anambembeleza kwa wimbo. Nikajificha nyuma ya magunia. Kuchungulia, kumbe na yeye kajificha! Jumatatu nikala mbili za ziada, kosa halikutajwa 😂

#4
Mleta mada umeruka pete. Wemmick anavaa pete za ukumbusho za wateja waliokufa, na kila mara anamhimiza Pip ajipatie "mali ya kubebeka". Hata mfungwa wa gereza la Newgate anayekwenda kunyongwa, Wemmick ana jicho kwenye njiwa wake. Na huko Walworth mnakokusifia, ndani kaweka kalamu iliyotumika kughushi, wembe mmoja au miwili, na maungamo ya waliohukumiwa. Mnasema kazi anaiacha ofisini. Kaiacha wapi?

#3
Lakini baba yake anampenda kweli, mkuu.

#4
Sijakataa.

#2
#4 umenigusa pabaya. Redio anayosikiliza mama mpaka leo niliinunua kwenye mnada wetu wa ofisini. Nilijua ilitoka nyumba gani.