Naomba ushauri: bata wa miluzi wa Bwawa la Igombe, nitawatofautishaje?

Mwalimu_Uyui:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, na kila Jumamosi huenda na kikundi kidogo cha wanafunzi Bwawa la Igombe kuhesabu ndege wa majini. Katika daftari letu tumekuwa tukiandika "bata wa miluzi" kana kwamba ni aina moja, mpaka wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliponionyesha kwamba ndani ya kundi lile lile wamo wenye uso mweupe na wamo wa kahawia watupu. Nilipofuatilia nikakuta kuwa ni aina mbili, Dendrocygna viduata na Dendrocygna bicolor. Shida ni kwamba kwa mbali wote wana shingo na miguu mirefu na husimama wima, tena wamo wachache ambao nyuso zao hazieleweki rangi. Hao niwaandike wapi? Sipendi kuwazoesha watoto kujaza namba za kubahatisha.

Kijana_wa_Cheyo:
Mwalimu, nijuavyo mimi, mwenye uso mweupe ni dume na wa kahawia ni jike.

Mzee_wa_Sagara:
Mwanangu, hapana. Katika aina zote mbili dume na jike wanafanana, kwa hiyo rangi haikwambii jinsia hata kidogo. Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nimekaa miaka mingi kando ya Ziwa Sagara, ndani ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, na ndege hao nimewaona wakipumzika pamoja kwenye tope moja.

Viduata aliyekomaa ana uso mweupe, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya damu ya mzee, tumbo jeusi, na mbavu zenye milia myembamba ya kukingama, nyeusi na nyeupe. Bicolor ana kichwa, kifua na tumbo vya rangi ya asali, mstari mweusi unaoteremka nyuma ya shingo, na ubavuni ana manyoya marefu ya rangi ya maziwa yaliyolala kama michirizi chini ya bawa. Kwa hiyo uanze kutazama ubavu kabla ya uso, kwa sababu uso mweupe huchafuka kwa tope ndege anapotafuta chakula, na nimewahi kudanganyika hivyo zaidi ya mara moja. Wakiruka, kazi huwa rahisi zaidi: bicolor ana mkanda mweupe uliopinda mfano wa mwezi mchanga pale mkia unapoanzia, na viduata hana. Ukubwa usiutegemee, maana bicolor humzidi mwenzake kwa sentimita chache tu.

Mama_Mpunga:
Naongeza la sauti. Mimi nalima mpunga Nzega, na bata hawa huingia majarubani usiku, kwa hiyo huwa nawasikia kabla sijawaona. Mwenye uso mweupe hupiga mluzi safi wa vipande vitatu, "wi-wi-wiu", ilhali yule wa rangi ya asali ana vipande viwili vyenye mkwaruzo kidogo, "k-wiiu". Wanafunzi wana masikio mepesi, Mwalimu, wafundishe hilo mapema.

Mwalimu_Uyui:
Nawashukuru sana, Mzee na Mama. Limebaki suala la wale wenye nyuso zisizoeleweka, na la kurasa za nyuma ambazo tumekwisha kuzijaza.

Mzee_wa_Sagara:
Hao wenye nyuso za kijivujivu wengi wao ni makinda ya viduata, ambayo weupe wa uso haujatoka na milia ya mbavu bado hafifu. Kama hana michirizi ya maziwa ubavuni, na akiruka huoni mkanda mweupe juu ya mkia, usimwite bicolor. Ukishindwa kabisa kuuona vizuri ubavu wala mkia wake, mwandike katika safu ya tatu: "bata wa miluzi, aina haikubainishwa". Kurasa za zamani nazo zihamishie zote kwenye safu hiyo kama zilivyo, bila kuzigawa kwa makisio. Jumamosi ijayo fikeni asubuhi na msimame upande wa mashariki wa bwawa, ili jua liwe mgongoni mwenu na liwamulike wao.