Mikono haiwezi tena kuanika dagaa: nibaki na kazi gani?

Mama wa Kibirizi
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nina umri wa miaka 47, na zaidi ya miaka 20 nimeishi kwa kununua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaanika kwenye vichanja na kuwauza kwa wanaowasafirisha. Huu ni mwaka wa 4 tangu nipatwe na baridi yabisi. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na kila asubuhi hupita zaidi ya saa nzima kabla sijaweza kukunja ngumi. Maumivu nimeyazoea kwa kiasi chake. Kinachonisumbua ni kwamba nyumbani hakuna tena anayeniomba kitu: nikishika beseni, binti yangu hunipokonya kwa upole, nikitaka kwenda mwaloni, mume wangu huniambia nipumzike. Wananitendea wema, lakini najiona kama mgeni asiyeaga. Mtu wa hali yangu abaki na kazi gani?

Muuguzi mstaafu, Ujiji
Pole, mwanangu. Mimi nitasema la dawa tu. Baridi yabisi haitokani na upepo wa ziwa wala maji ya kufulia. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Kama umeandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na huhitaji wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, huku damu ikipimwa mara kwa mara. Wengi huiacha mapema, wakarudi kwenye dikilofenaki, vidonge vya maumivu vya dukani, ambazo zikimezwa kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo.

Baba Hawa, Mwanga
Subira, mama. Umefanya kazi vya kutosha. Kaa, watoto wakulee. Tunakuombea.

Mlinda Mizinga, Tabora
Shikamoo mama. Nina selimundu tangu kuzaliwa, na nilipokuwa na miaka 24 mfupa wa nyonga ya kushoto ulikosa damu ukaharibika, hivyo natembea kwa mkongojo. Kwetu ni warina asali, na mrina asiyeweza kupanda mti ni kama mvuvi anayeogopa maji. Nilikaa ndani miaka 2 nikipewa pole, hadi mjomba aliponiletea madumu na daftari, akanitaka nipime asali ya kikundi chao na kutenga ile iliyorinwa kabla masega hayajazibwa, kwa kuwa ina maji mengi na huchacha. Nilikasirika, nikidhani ananitafutia kazi ya huruma. Baadaye maumivu yalinilaza hospitali wiki nzima. Niliporudi nilikuta hesabu zimevurugika, watu wawili hawasemezani, na dumu moja limechacha. Sikupaswa kufurahi, lakini nilifurahi. Baada ya hapo nilipanga nao waziwazi: baridi ya Juni na Julai sitoki mapema, na siku nikisema siwezi, hakuna anayeuliza mara mbili. Nyinyi wa ziwani hamna haja ya kufundishwa hili, kwani dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na kwenye mbalamwezi boti hubaki ufukweni na hakuna anayemwita mvuvi mvivu. Naomba nikuulize: tangu uache kwenda mwaloni, ni nani anayechagua dagaa?

Mama wa Kibirizi
Marahaba, mwanangu, swali lako limenikosesha usingizi. Baba Hawa, nashukuru kwa dua, ila kulelewa nikiwa na miaka 47 naona ni mapema. Anayechagua ni binti yangu, na wiki iliyopita aliuziwa ndoo 3 za dagaa waliolala, yaani wasio wa siku hiyo, waliofunikwa juu kwa wabichi. Mimi niliwatambua kwa harufu kabla hajawatua chini, nikanyamaza ili nisimvunje moyo. Sasa naona kunyamaza kule kulikuwa kosa. Jana nimemweleza, naye akakiri kwamba amekuwa akiogopa kuniuliza asije akanichosha. Tumekubaliana kwamba giza likirudi na boti zikianza kutoka, nitakuwa nakaa mwaloni alfajiri kuchagua na kupatana bei, naye atabeba na kuanika. Saa hizo mikono yangu huwa migumu kama mti, lakini pua na macho havina baridi yabisi. Dawa nimeipangia Ijumaa jioni, kila wiki. Mume wangu bado hajaafiki nipande bodaboda gizani; nitazungumza naye usiku wa leo.