Uzamili wa tiba mtandao kwa daktari wa Uvinza: nichague kozi gani?

Dokta_wa_Mwambao:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni daktari mwenye shahada ya kwanza, natibu wilaya ya Uvinza, Kigoma. Wagonjwa wetu wa Kalya na Buhingu wanakuja kwa boti, na ziwa likichafuka wanasubiri. Eksirei ikinitatiza naipiga picha, namtumia kwa WhatsApp rafiki yangu wa chuo ambaye sasa ni bingwa wa mionzi. Majuzi jibu lake lilimwondolea mama mmoja safari ya rufaa ambayo familia ilishaanza kuuza mbuzi kuigharamia. Huduma ya namna hii haifai kutegemea hisani ya rafiki, ndiyo maana nataka kuisomea. Ila naona kozi nyingine zinaitwa telemedisini, nyingine afya ya kidijitali, nyingine taarifa za afya. Nishike ipi? Na asiyejua kuandika programu ataweza?

Fundi_Tabora:
Dokta, jina la kozi lisikubabaishe, fungua orodha ya masomo. Ukikuta mengi ni ya kuongea na mgonjwa kwa video, iache. Mikoa yetu inahitaji zaidi kutuma na kusubiri: unapeleka picha, maelezo na swali, bingwa anafungua akipata nafasi. Mtandao ukikatika kwa muda wa saa mbili, kazi haiharibiki.

Hicho unachofanya sasa ni kizuri, lakini kina mapengo, na mapengo hayo ndiyo ya kusomea. WhatsApp inaibana picha, hivyo ufa mwembamba wa mfupa unaweza kupotea. Faili halisi la eksirei, la mfumo wa picha za tiba uitwao DICOM, linaweza kuzidi megabaiti 10 na lina taarifa za mgonjwa na za mashine ndani yake. Pia jibu la bingwa linabaki kwenye simu yako. Mwenzako wa zamu ya usiku akifungua faili la mgonjwa halikuti. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria. Kwa hiyo tafuta kozi yenye viwango vya kubadilishana taarifa kama HL7 FHIR, sheria na maadili, na namna ya kupima kama huduma imemsaidia mgonjwa kweli.

Kuandika programu kusikutishe. Tunapoweka mfumo wa kompyuta hospitalini, mtu adimu ni daktari anayeweza kutueleza mgonjwa anapitaje kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa, na wapi anakwama.

Muuguzi_Kasulu:
Dada dokta, usiishie kwenye picha. Kwenye mpango wa m-mama watu wanapiga namba 115 bure, anayepokea anapanga usafiri wa mjamzito au kichanga chenye dharura. Hata simu ya kitochi inatosha. Mimi ningependa sana utafiti wako uwahusu akina mama wa mwambao.

Mwana_wa_Kibondo:
Usitazame Dar peke yake. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Afrika Mashariki cha uhandisi tiba na afya ya kielektroniki, na kwa barabara ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi hadi Rusumo, Kigali ni karibu kuliko Dar. Makerere nao wana uzamili wa taarifa za afya. Ukienda nje, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema kama shahada hiyo itatambuliwa.

Dokta_wa_Mwambao:
Nashukuru sana, wote. Bosi wangu anataka andiko la utafiti kwanza ndipo tuzungumzie ruhusa ya masomo. Kaka wa Tabora, nikitaka kujaribu kutuma hizo DICOM kutoka huku, kuna programu ya bure?

Fundi_Tabora:
Ipo, Orthanc. Ilianzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Ina sehemu ya kuondoa utambulisho wa mgonjwa. Anza na hiyo kabla hujatuma chochote, kisha pima muda wa kufika asubuhi na jioni, maana mtandao wa mwambao haulingani. Ukikwama kuiweka, niandikie hapahapa.