Naomba ushauri: wachezaji wangu hawataki kuchagua upande

Wakuu habari zenu, naendesha Dungeons & Dragons na washkaji (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, mi ndo msimuliaji). Hadithi yetu iko mji wa bandari wa kubuni, kuna chama cha wafanyabiashara wanaolisha mji mzima ila wanauza watu, na wachawi wanaopinga utumwa ila jeshi lao ni maiti waliofufuliwa. Sasa tukikaa kucheza ni ubishi tu nani mbaya zaidi, dadu hairushwi, mmoja kasema bora tuwachinje wote tusepe. Ile mambo ya kuandika mhusika ni mwema au mwovu nshaifuta, mi sitaki kuwaambia jibu, ndo utamu wenyewe. Nawaza wakichelewa kuamua, meli ya watumwa ing'oe nanga bila wao. Au wataona nawalazimisha? Na siri za kila kundi mnazitoa mapema au wazichimbe wenyewe?