Mshauri nasaha anataka tuongee tukitembea msitu wa Rau, ni tiba kweli hii?

Mwana wa Kihamba (mleta mada)
Wakuu, salamu. Tangu mzee afariki na ndugu tuanze kuvutana juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, usingizi umenikimbia. Mke wangu kanisukuma hadi nikaenda kwa mshauri nasaha hapa Moshi mjini. Ni mama wa makamo, msikivu. Shida ni kile chumba: viti viwili vinatazamana, feni inalia, mimi naangalia saa tu. Maneno hayatoki.

Sasa kapendekeza tuhamie nje, tuongee huku tunatembea Rau, muda uleule, malipo yaleyale. Mke hana neno. Ila Moshi mnaijua, kila mtu anajua wewe ni wa kina nani. Shangazi akisikia nimeonekana msituni na mwanamke, kesi ya kihamba itapata kiambatanisho. Kuna aliyewahi kufanya hivi? Ni tiba au naliwa hela? Nawasilisha.

Mangi wa Pasua
Kutembea na mwanamke msituni halafu unalipa wewe. Mangi, hapo umepigwa 😂

Nasaha Arusha
Mleta mada, hiyo ndiyo kazi yangu, niko Arusha. Ni tiba, na haikuanza jana. Miaka ya 1970 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thaddeus Kostrubala, alikuwa akikimbia na wagonjwa wake huku wakizungumza. Wanaume wengi wanaokuja kwangu hawawezi kufunguka wakiwa wamekaziwa macho. Mkiwa bega kwa bega, ukinyamaza mnaendelea kutembea tu, hakuna anayekusubiri.

Lakini msitoke ofisini kabla hamjakubaliana. Mkikutana na mtu anayekujua, nani atasema nini? Mimi huwaambia wateja wangu: wewe ndiye unaamua kama unanitambulisha au la, mimi nakaa kimya. Watu wakikaribia, mnanyamaza wapite. Mwendo unaupanga wewe; ukiachwa nyuma unahema, hayo ni mazoezi, si nasaha. Na mlango wa ofisi ubaki wazi siku ukitaka kurudi ndani.

Kama unawaza kujidhuru, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usianzie msituni. Nenda hospitali ya KCMC hapo Moshi ukaonwe na daktari wa magonjwa ya akili.

Mzee wa Kibosho
Sisi tulishuka Kibosho hadi mjini kwa miguu, ndizi kichwani, na hakuna aliyetuita wagonjwa. Kaa na wazee wa ukoo, mbege iwepo, mambo yaishe.

Binti Njoro
Shikamoo mzee. Wazee wa ukoo ndio haohao wanaogombania kihamba, sasa amweleze nani? Halafu kuongelea nje siyo uhuni. Zimbabwe, tangu 2006, kuna mabibi waliofundishwa kukaa na watu wenye mawazo kwenye mabenchi ya nje na kuwasikiliza. Aliyeanzisha ni daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Na mabibi ni mabibi kweli, mzee, siyo vijana wa mjini.

Msoma Yote
Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2015. Waliwatembeza watu dakika 90, wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara kubwa ya magari. Wale wa kwenye miti walipungukiwa na ile hali ya kuwaza jambo baya moja tena na tena. Ila walitembea peke yao, bila mshauri. Kwa hiyo unakuonyesha faida ya miti; kuhusu nasaha yenyewe hausemi kitu.

Baiskeli Rau
Rau naijua. Ni hifadhi, kuna kiingilio, ulizeni nani analipa. Wikiendi epukeni njia ya kwenda kwenye ule mvule mkubwa, watalii na waongozaji wao hawaishi. Asubuhi katikati ya wiki utakutana na mbega kabla hujakutana na shangazi. Masika ni tope, vaa gambuti.

Mwana wa Kihamba
Asanteni wote, shikamoo mzee wa Kibosho. Nimempigia mshauri: kiingilio kila mtu ajilipie, tunaanza Jumatano. Shangazi atapewa taarifa na mke wangu mwenyewe, kabla hajaipata kwa muuza maziwa. Nasaha, mvua ikitukuta katikati je?

Nasaha Arusha
Ama mnarudi ofisini kumalizia, ama mnaahirisha bila wewe kulipa mara mbili. Kama hajakwambia, mpigie tena kabla ya Jumatano.