Kitalu cha uwindaji kikiwa juu ya ardhi ya kijiji, nani aulizwe kwanza?

Wadau naomba tuijadili hii bila matusi. Jamaa yangu mmoja anang'ang'ania kwamba wanavijiji wanaolalamikia vitalu vya uwindaji (maeneo ambayo serikali inayakodisha kwa kampuni za uwindaji wa kitalii) hawana hoja, eti ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, wanyama nao ni wa serikali, kwahiyo kitalu kikienda mnadani mwenye hela anaingia, basi. Mimi nabisha.

Ardhi ni ya umma kweli, ila sheria za 1999 zimeigawa mafungu matatu, ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji, na hii ya kijiji iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu eneo bila mkutano mkuu kuridhia. Shida ilianzia kwenye mapori tengefu, aina mojawapo ya maeneo ya wanyamapori. Yalichorwa zamani juu ya vijiji, kilichozuiwa ni kuwinda bila leseni tu, watu wakaendelea kulima na kuchunga humohumo miaka nenda rudi. Ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ikabana kilimo na mifugo, ingawa sheria hiyohiyo ilimtaka waziri ahakikishe ardhi ya kijiji haimo ndani ya pori tengefu. Matokeo yake mmeyaona Loliondo, kule kaskazini mpakani na Kenya. Pori la kilometa za mraba kama 4,000 lenye vijiji ndani, kitalu kikapewa kampuni ya uwindaji tangu 1992, halafu Juni 2022 serikali ikapiga vigingi kilometa za mraba 1,500 ziwe za wanyama tu, vurugu zikazuka, askari polisi akauawa, watu wakavuka kwenda Kenya na majeraha. Mwaka huohuo pakatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti.

Mimi nimekulia pembeni ya kitalu. Mama yangu mdogo alikuwa anakesha shambani na debe bovu na fimbo, anagonga mpaka alfajiri, usiku mmoja kasinzia kidogo tu tembo wamepita, asubuhi mahindi yamelala kama yamepigwa roller. Fomu ya kifuta jasho, zile hela za serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, alijaza, akasubiri msimu mzima. Lakini jirani yetu alipokutwa na mguu wa digidigi kwenye sufuria hakuna aliyesubiri, ilikuwa nyara ya serikali na akalala ndani siku hiyohiyo. Na Julai msimu ukifunguliwa magari ya wageni yanapita palepale, tunasimama pembeni tunakula vumbi.

Sisemi uwindaji wa kitalii ufungwe. Kenya walifunga 1977 na huko nako mkulima bado anagonga debe usiku. Namibia ndo wanaonivutia mimi, tangu 1996 wananchi kwenye ardhi ya jumuiya wakiunda hifadhi yao wanapewa haki juu ya wanyama wenyewe, wao ndo wanakaa mezani na mwindaji wanapatana. Mtaniambia tuna WMA, yale maeneo ya hifadhi ya wanyamapori yanayosimamiwa na vijiji. Sawa zipo, ila kijiji kinatenga ardhi yake kwanza, wanyama wanabaki wa serikali, na hela inapita ofisini kabla haijafika kwetu.

Ninachotaka mimi, kabla kitalu hakijaingia kwenye ule mnada wa kielektroniki, ramani yake iletwe mkutano mkuu wa kijiji, watu waone mpaka unapita kisima gani na malisho gani, ndo wapige kura. Sasa mnaosema hiyo itafukuza wawekezaji nielezeni, ni mwekezaji gani huyo anayeshindwa kukaa saa mbili chini ya mti na wenye ardhi?